Tuzibieni Meno Kabla ya Kutung'olea: Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Trans Nzoia

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Waheshimiwa Wawakilishi Wadi wa Bunge la Kaunti,
Waziri wa Afya wa Kaunti pamoja na maafisa wake,
Kitale.

MINT: HUDUMA YA KUZIBA MENO NA KUWEKA MENO YA BANDIA KWA WANANCHI WA KIPATO CHA CHINI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Tuwan, eneobunge la Saboti. Katika vikao vya wananchi hapa Kitale huwa tunazungumzia barabara, maji, mitaro na bei ya mbolea. Leo nawaletea jambo linalosikika kwa nadra katika vikao hivyo, nalo ni meno. Mwenye meno mabovu hasimami kulisema hadharani. Hufunika mdomo kwa kiganja akicheka, na akiulizwa husema yuko sawa. Ndiyo maana nimeona niliandike.

Naliweka ombi langu mwanzoni ili lisipotelee katika maelezo. Mkazi wa Tuwan, Kipsongo, Matisi au Shimo la Tewa anayeumwa na jino aweze kuzibiwa jino hilo katika kituo cha umma kilicho karibu naye, pale ambapo bado linazibika. Na yule ambaye jino lake limekwisha kutoka, apate jino la bandia kwa bei ambayo mchuuzi, kibarua au mwendesha boda boda anaweza kuimudu.

Tuanze na hali ilivyo. Mtu wa kipato chetu akisikia jino likishtuka kwa chai ya moto au soda baridi, hafikirii hospitali. Hununua tembe mbili dukani, husukutua kwa maji ya chumvi, huweka karafuu au tumbaku kwenye tundu. Maumivu yakipungua hushukuru Mungu na kurudi kazini. Miezi inapita. Usiku mmoja jino linaamka na moto wake, shavu linavimba, na asubuhi anajikokota hadi hospitali akiwa amejifunga leso kichwani. Kwenye benchi kila mtu ameshika shavu lake. Akiingia ndani anaulizwa ni jino lipi, anachomwa sindano ya ganzi, koleo linafanya kazi yake, anapewa pamba ya kuuma kwa nusu saa, na jina la mwingine linaitwa. Anatoka amepona maumivu, akiamini mambo yamekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba miezi michache nyuma jino lile lingeokolewa.

Simlaumu daktari. Anayehudumia foleni ndefu kwa kiti kimoja, huku mashine ya kuchimba imeharibika na kabati la vifaa vya kuzibia ni tupu, hana la kufanya ila kuondoa maumivu kwa njia iliyopo. Kung'oa kunahitaji ganzi, koleo na mkono uliozoea. Kuziba kunahitaji vifaa vinavyoagizwa na kulipiwa mara kwa mara, na uagizaji huo ni kazi ya ofisi zenu. Tangu Katiba ya 2010 ilipozikabidhi kaunti huduma za afya, hospitali na zahanati zetu ziko mikononi mwenu, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kinywa ni sehemu ya mwili huo unaolindwa na Katiba.

Wapo wanaodhani pengo ni suala la urembo. Nawaomba wapite jioni mahali mahindi yanapochomwa kando ya barabara hapa mjini, wawaangalie wazee. Mmoja hushika gunzi, akapukuchua punje kwa kidole gumba, akazikusanya kiganjani, kisha akazitupa upande mmoja wa kinywa, kule ambako bado kuna magego mawili yanayokutana. Mwingine huomba ya kuchemsha. Wa tatu huangalia tu. Huu ndio mji wenye makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, mji unaolisha nchi mahindi, na waliotumia maisha yao kulima zao hilo hawawezi kulitafuna.

Halafu pengo moja huzaa jingine. Mtu mzima ana meno 32, na kila jino hushikiliwa mahali pake na jirani zake pamoja na lile linalokutana nalo juu au chini. Gego la chini likiondoka, la juu yake huanza kushuka, na yale ya kando huinamia pengo. Chakula hunasa pale mswaki usipofika, na jino lililokuwa zima huanza kuoza. Mtu hurudi kung'olewa la pili, kisha la tatu, na akifika umri wa miaka hamsini amekuwa kibogoyo wa upande mmoja.

Kuna pia riziki. Kila linapotangazwa zoezi la kuwasajili makurutu wa jeshi au polisi, vijana wetu hufika alfajiri uwanjani. Hupimwa kimo, hukimbia, halafu huambiwa wafungue kinywa. Wapo wanaorudishwa nyumbani kwa sababu ya meno. Kijana aliyepoteza meno mawili ya mbele kwa ajali ya boda boda anaweza kuwa na mbio, alama za shule na nidhamu, na bado safari yake ikaishia pale.

Na kuna kifo. Usaha wa jino la chini ukiachwa unaweza kushuka chini ya ulimi na kwenye shingo, uvimbe ukabana njia ya hewa, na mgonjwa akafa kwa kukosa pumzi. Madaktari wanaujua ugonjwa huu vizuri, na wanajua kwamba mara nyingi chanzo chake ni gego lililotoboka ambalo lingezibwa mapema.

Hili si tatizo la mtaa wetu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa karibu robo ya watoto waliopimwa na kwa takriban thuluthi moja ya watu wazima. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu bilioni 3.5 ulimwenguni wana ugonjwa fulani wa kinywa. Mbele ya takwimu hizo, kung'oa ni huduma ya dharura tu. Haiwezi kuwa ndiyo huduma yenyewe.

Sasa niruhusuni nieleze jino linavyoharibika, kwa sababu katika kila hatua kuna tiba yake, na ni katika hatua hizo ndipo tunapopoteza meno yetu bure. Hakuna mdudu ndani ya jino, hata kama wapo waganga wanaodai kumtoa na kumwonyesha mgonjwa. Kuna bakteria wanaokaa katika utando unaoganda juu ya meno. Tukila sukari nao hula, kisha hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha tabaka gumu la nje liitwalo enameli. Dalili ya kwanza ni doa jeupe lililofifia. Hapo hakuna haja ya mashine yoyote: dawa ya meno yenye floridi, asubuhi na usiku, pamoja na kupunguza vitu vitamu, huweza kulirudishia jino madini yake.

Doa likiachwa, enameli hutoboka na uozo huingia katika tabaka la pili, lililo laini zaidi. Jino huanza kushtuka kwa baridi na utamu, na maumivu hukoma mara baridi inapoondoka. Huu ndio wakati wa kuziba. Uozo ukizidi kuingia hufika kwenye kiini cha jino chenye neva na mishipa ya damu. Sasa maumivu huja yenyewe, usiku, bila kuchokozwa na chochote, na kuziba peke yake hakutoshi tena. Jino hilo bado linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi: daktari hufungua jino, huondoa kiini kilichooza, husafisha mifereji ya mizizi kwa sindano nyembamba, huijaza na kuifunga. Kwa gego, mara nyingi hulazimu kulivisha kofia ya chuma au kauri baadaye, kwani jino lililotibiwa mzizi huwa jepesi kupasuka. Kazi hii huchukua muda mrefu, huhitaji picha ya eksirei, na gharama yake katika kliniki za binafsi inawashinda wengi wetu.

Tazameni basi mahali penye faida kubwa kuliko pote. Ni pale jino linapoanza kushtuka. Kulitibu pale ni rahisi, na kwa jambo hili Afrika Mashariki haihitaji kungoja kufundishwa na yeyote. Katikati ya miaka ya 1980, pale Dar es Salaam, madaktari waliokuwa wakiendesha mradi wa afya ya msingi ya kinywa walijiuliza namna ya kumzibia jino mtu anayeishi mahali pasipo umeme. Mholanzi Jo Frencken na wenzake wakatengeneza njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono peke yake, bila mashine ya kuchimba. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe njia hiyo mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipotengewa afya ya kinywa, na leo inatumika katika nchi nyingi.

Namna inavyofanyika ni hii. Mgonjwa hulala chali, hata juu ya meza au benchi. Mhudumu huweka vipande vya pamba kando ya jino ili kuzuia mate. Kwa kijiko kidogo cha chuma, chenye ncha ndogo kuliko punje ya mtama, huchokoa uozo laini polepole hadi kingo za tundu ziwe safi na ngumu. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, kwa kuwa sehemu iliyooza haina uhai wa kuuma. Kisha huchanganya unga na maji yake juu ya kibao, unakuwa ujiuji mzito, naye huujaza katika tundu. Hupaka mafuta ya vaselini kwenye kidole cha glavu, hukandamiza, na huondoa mabaki. Mgonjwa huambiwa asitafune upande huo kwa saa moja. Saruji hiyo, iitwayo glasi ayonoma, hushikamana na jino lenyewe na kutoa floridi kidogo kidogo. Tundu likiwa na upande mmoja tu, kazi hii hudumu miaka. Likiwa kubwa na limebomoa pande mbili au tatu, huanguka mapema zaidi, na hilo lielezwe mgonjwa kwa uwazi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hii katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na maji ya fedha na floridi ambayo hupakwa juu ya uozo na kuusimamisha. Maji hayo huliacha tundu likiwa jeusi, lakini kwa jino la utoto la mtoto anayeogopa kiti cha daktari ni heri weusi kuliko kilio cha usiku. Hivi ni vitu vinavyobebeka katika mkoba mmoja. Zahanati iliyokatiwa umeme inaweza kuvitumia.

Najua zipo njia nyingine. Kuna amalgamu, ile saruji ya rangi ya fedha, imara sana kwa magego, ila nusu yake ni zebaki. Dunia imekwisha kuamua kuiaga: nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, Kenya ikiwemo, zilikubaliana Novemba 2025 kwamba matumizi yake yakome ifikapo 2034. Kuna kompositi, inayofanana na rangi ya jino na kupendeza kwa meno ya mbele, lakini huhitaji umeme, taa maalumu ya kuikausha na jino lisiloguswa na mate. Kompositi iwepo katika hospitali kubwa, na glasi ayonoma ifike kwenye vituo vya afya. Kaunti inayopanga leo ipange kwa kufuata njia hiyo, isije ikanunua shehena ya kitu ambacho muda wake unakwisha.

Nakuja kwa wale ambao meno yao yamekwisha kwenda. Wahenga wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na walisema kweli kwa zama zao. Hata matajiri wa Ulaya na Marekani wa karne ya 18 walivaa meno yaliyochongwa kwa pembe ya ndovu na meno ya kiboko. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa na seti za namna hiyo, nazo zilimtesa hadi mwisho wa uhai wake. Hadi leo hakuna jino la bandia linalolingana na la kuzaliwa, na ndiyo sababu nimeweka kuziba mbele ya yote. Hata hivyo, meno ya bandia ya siku hizi yanamwezesha mtu kutafuna, kutamka maneno sawasawa na kucheka bila kuficha uso. Kumwacha mtu na pengo kwa kuwa eti amezoea ni kumkosea.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni bamba la plastiki ngumu lenye meno, linalovaliwa na kuvuliwa, ambalo huweza kubeba jino moja au kinywa kizima. Ndiyo nafuu kuliko zote. Ya pili ni daraja: meno mawili yanayopakana na pengo huchongwa na kuvishwa kofia, na jino la bandia huning'inia katikati yake. Hukaa imara, ila hugharimu zaidi, na huwa yamechongwa meno mawili ambayo pengine yalikuwa mazima. Ya tatu ni kupandikiza skrubu ya titani ndani ya mfupa wa taya na kuweka jino juu yake. Msweden Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyegundua kwamba mfupa hushikana na titani, na mgonjwa wake wa kwanza alipandikizwa mwaka 1965. Ni tiba nzuri sana, lakini inahitaji mfupa wa kutosha, mkono wa bingwa na fedha ambazo familia ya Tuwan haina. Siwaombi hiyo. Nawaomba ile ya kwanza, ifanywe vizuri.

Kuifanya vizuri kuna utaratibu. Baada ya kung'oa, ufizi husubiriwa upone na mfupa utulie, kwa wiki kadhaa au hata miezi. Kisha huchukuliwa chapa ya kinywa kwa uji unaoganda, chapa humiminiwa plasta, na fundi sanifu wa meno hupanga meno juu ya nta. Mgonjwa hurudi kujaribu: je, yanakutana? Je, anaweza kutamka "sisi" na "fisi" bila filimbi? Je, rangi inafanana na ya meno yaliyobaki? Baada ya hapo ndipo nta hubadilishwa kuwa plastiki. Baadaye taya huendelea kusinyaa, meno hulegea, na inabidi yarekebishwe. Asiyeelezwa haya hudhani ameuziwa bidhaa mbovu, huyatupa kabatini na kurudi kupukuchua mahindi kwa kidole. Anapaswa pia kuambiwa ayavue usiku, ayasafishe kwa brashi na sabuni, ayaweke ndani ya maji.

Waheshimiwa, pale ambapo huduma hii haipo, kuna wengine wanaoitoa. Katika miji yetu wapo watu wanaong'oa na kubandika meno vyumbani na masokoni bila kusomea, wakitumia koleo lisilochemshwa na gundi isiyo ya kinywani. Koleo hilo linaweza kuhamisha virusi vya Ukimwi na homa ya ini kutoka kinywa kimoja hadi kingine. Jino lililogandishwa juu ya mzizi uliooza hufunika usaha ambao huendelea kula mfupa. Watu wanaowaendea si wajinga. Wametafuta bei wanayoweza kulipa na mtu atakayewahudumia leo. Mkiwakamata matapeli bila kufungua mlango mwingine, watarudi wiki ijayo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, kila kituo cha afya cha ngazi ya wadi kipewe vifaa vya mkono vya kuzibia na akiba ya glasi ayonoma isiyokatika, na waajiriwe maafisa wa afya ya kinywa ya jamii wa kuvitumia. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kinawafunza vijana wa kazi hii. Kama hamwezi kumweka mmoja katika kila kituo, basi mmoja azunguke vituo vitatu au vinne kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni, na siku yake iheshimiwe.

Pili, kaunti iwe na maabara ya meno ya bandia katika hospitali yake ya rufaa. Hospitali ya Wamalwa Kijana imebeba jina la mbunge wetu wa Saboti, aliyefariki mwaka 2003 akiwa Makamu wa Rais. Ingekuwa heshima kubwa kwa jina hilo kama mkulima wa hapa angepata meno yake ndani ya kuta zake. Maabara ya plastiki haina makuu: fundi sanifu mmoja au wawili, plasta, nta, jiko la kuchemshia na mashine ya kung'arisha. Bei itangazwe, na ikubaliwe kulipwa kwa awamu, kwani mgonjwa anarudi mara kadhaa hata hivyo.

Tatu, ubaoni pa kila kliniki ya meno ya umma paandikwe kwa Kiswahili: kung'oa bei gani, kuziba bei gani, kutibu mzizi bei gani, na ni zipi kati ya hizo zinazolipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Wenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Anayelipa ana haki ya kujua anachonunua. Kila mgonjwa pia aulizwe kabla ya sindano: hili jino linaweza kuokolewa, je, unataka? Hata kama jibu litakuwa hapana, aulizwe.

Nne, zungumzeni na majirani. Eldoret, umbali wa kilomita takriban 70, kuna Chuo Kikuu cha Moi chenye shule ya udaktari wa meno. Wanafunzi wake wanahitaji wagonjwa wa kujifunzia chini ya macho ya walimu wao, nasi tunahitaji mikono. Kaunti ya Bungoma nayo ina watu wanaokata miwa na kutafuna miwa, na wagonjwa wake huvuka mpaka kuja Kitale kama wetu wanavyokwenda Webuye na Bungoma mjini. Kununua vifaa kwa pamoja kungewapa bei nafuu nyote wawili.

Tano, shule zisiachwe nyuma. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hudhani nalo litang'oka, hulipuuza, na hilo ndilo huoza mapema kuliko yote. Afisa akipita katika madarasa ya mwanzo mara moja kwa mwaka na mkoba wake, ataokoa magego mengi kuliko hospitali nzima itakavyoweza kuyarudisha baadaye.

Pamoja na hilo, walimu, wahudumu wa afya ya jamii na viongozi wa vituo vya boda boda wafunzwe jambo moja linalochukua dakika chache kulieleza. Jino la ukubwani likiruka nje kwa ajali au mpirani, lisitupwe. Lishikwe upande wa kutafunia, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Likiwa chafu lisuuzwe mara moja kwa maji safi, lirudishwe katika tundu lake, na mwenyewe aume kitambaa polepole kulishikilia. Ikishindikana, litiwe ndani ya kikombe cha maziwa na afikishwe kwa daktari mara moja, ikiwezekana ndani ya nusu saa. Jino la namna hiyo huweza kushika tena. Jino la utoto peke yake ndilo lisilorudishwa, kwa sababu laweza kuliumiza lile linaloota chini yake.

Kwenu majirani zangu mtakaosoma barua hii, nasi tuna sehemu yetu. Jino likianza kushtuka tusingoje livimbe. Tukifika kliniki tuulize swali hilo wenyewe: linaweza kuzibwa? Tumuulize anayetuhudumia leseni yake ya mwaka huu kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Mwenye leseni haoni vibaya kuionyesha.

Waheshimiwa, mtauliza fedha zitatoka wapi. Kila jino linaloachwa lioze hulipiwa hata hivyo: kwa dawa za kutuliza maumivu, kwa siku za kazi zilizopotea, kwa kitanda cha mgonjwa aliyevimba shingo, kwa kijana aliyekosa ajira. Tofauti ni kwamba sasa hivi analipa maskini, tena analipa zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka makadirio ya bajeti yafike katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Naomba katika makadirio yajayo tuone mstari wake wenyewe ulioandikwa afya ya kinywa, wenye kiasi cha vifaa vya kuziba, mishahara ya maafisa na maabara ya meno ya bandia, usiofichwa ndani ya fungu la jumla la hospitali. Mtakapotuita kutoa maoni, wakazi wa Tuwan watafika na barua hii mkononi, na tutaomba tusomewe mstari huo kwa sauti.

Wenu katika ujenzi wa kaunti,

Mkazi wa Tuwan, Kitale.